Chora kwanza, tusome baadaye: mwongozo wa kufundishia historia chuoni kwa michoro ya wanafunzi

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa kwanza, kijana wa Pemba, aliniletea karatasi yake baada ya mimi kuandika ubaoni maneno mawili tu: "Chora historia." Katikati alikuwa ameweka Beit el-Ajaib, jumba la masultani wa Zanzibar, na mnara wake wa saa. Mbele ya jumba kasimama mtu wa joho na kilemba, jambia kiunoni, uso umechorwa mpaka nyusi. Chini kabisa, ukingoni mwa karatasi, kulikuwa na safu ya watu wadogo waliofungwa minyororo shingoni, hawana macho wala midomo. Nikamuuliza, "Na bibi yako, mwanangu, umemweka wapi?" Akacheka kidogo. "Bibi hayumo, mwalimu. Yeye alikuwa mchumaji karafuu tu."

Hilo "tu" ndilo lililonitia katika kazi hii na sijaiacha tena. Kijana yule alikuwa amefaulu historia skuli. Angeweza kukuandikia sababu tano na athari tano za jambo lolote ulitakalo, zimepangwa kwa nambari. Lakini hakuna insha ambayo ingenionesha kwamba kichwani mwake historia ni jumba na mwenye jumba, na kwamba mtu aliyemlea hamo ndani yake. Karatasi moja ilinionesha hayo kwa robo saa.

Mwongozo huu ni kwa walimu wenzangu wa vyuo, khasa wanaosomesha wanafunzi wa ualimu na wa utalii, ambao kesho ndio watakaosimama mbele ya watoto wa skuli au mbele ya wageni pale Forodhani na kusema "historia yetu ni hii". Nimeutumia katika darasa la watu ishirini na katika darasa la watu sabini. Hauhitaji fedha nyingi wala umeme.

Kuchora kuna faida moja ambayo kalamu ya insha haina: kunamnyima mtu pa kujificha. Ukiandika "watu wa Zanzibar walifanya biashara na watu wa Bara Hindi", sentensi imekamilika na hukuhitaji kuamua chochote. Ukiambiwa uchore jambo hilo hilo, lazima uamue ni watu gani, wamevaa nini, nani kabeba mzigo na nani kashika daftari, nani mkubwa na nani mdogo, na katikati kuna nini. Kila uamuzi wa namna hiyo ni fikra ya kihistoria, na mara nyingi mwenyewe hakujua kwamba anayo. Kuna pia utafiti wa mwaka 2016 kutoka Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, uliokuta kwamba watu waliochora maana ya maneno waliyakumbuka vizuri kuliko waliyoyaandika. Ni faida nzuri, lakini kwangu ni ya pembeni. Mimi nachoresha ili tuone kile ambacho tayari wanakibeba.

Hatua ya kwanza: chagua suali moja, liwe fupi

Kazi yote inasimama au inaanguka hapa. Suali likiwa refu, wanafunzi watachora jibu wanalodhani unalitaka. Ukiandika "Chora umuhimu wa historia kwa taifa", utaletewa bendera sabini. Ukiandika "Chora historia", utaletewa mishale, miti, majumba, makaburi, mabaharia, kitabu kilichofunguliwa, jicho, na siku moja mkeka, ambao nitaueleza mbele.

Suali hilo la maneno mawili ndilo la kuanzia muhula, siku ya kwanza, kabla hujafundisha lolote. Ukishatoa mhadhara mmoja tu, wataanza kukurudishia picha zako mwenyewe. Kwa mada za katikati ya muhula nina masuali mengine ambayo yamenifaa: "Chora Mkunazini mwaka 1870", yaani mtaa uliokuwa na soko la watumwa. "Chora waliojenga Beit el-Ajaib." "Chora karafuu inavyotoka mtini mpaka melini." "Chora siku ya kawaida Unguja Ukuu miaka elfu moja iliyopita." Angalia kwamba kila moja linataja mahali, wakati au kazi, na hakuna hata moja linalosema jambo hilo lilikuwa zuri au baya. Hukumu waachie wao.

Suali moja kwa kipindi kimoja. Mawili yanachanganya.

Hatua ya pili: vifaa na wakati

Karatasi nyeupe za A4 na penseli, basi. Wote watumie penseli zinazofanana, kwa sababu mwenye rangi kumi na mbili atamvunja moyo mwenzake mwenye kalamu moja ya wino. Karatasi usiziandike majina: mpe kila mmoja nambari, na orodha ya nambari ibaki kwako. Kuchora ni dakika kumi na tano. Baada ya hapo, dakika tano za kugeuza karatasi na kuandika nyuma sentensi tatu: nimechora nini, kwa nini kilicho katikati kiko katikati, na nini nimekiacha kwa makusudi. Sentensi ya tatu ndiyo yenye uzito, usiiruhusu irukwe.

Kikao kizima kinataka saa mbili. Ukiwa na saa moja, chora leo, tazameni kesho.

Hatua ya tatu: ondoa hofu, na usimshurutishe mtu kuchora kiumbe

Watu wazima wengi waliacha kuchora walipokuwa darasa la tano, na jambo la kwanza utakalolisikia ni "Mwalimu, mie sijui kuchora." Usijibu kwa maneno. Chukua chaki, chora ubaoni mtu wa mistari: kichwa duara, mwili kijiti. Mpe jembe. Chora mwengine mkubwa mara mbili yake, mikono mitupu. Kisha waulize: "Nani mwenye shamba?" Darasa zima litajibu kwa sauti moja, na papo hapo wameshafahamu kwamba vijiti vinatosha kusema jambo zito.

Hofu ya pili ni ya namna nyengine, na hii inataka adabu. Katika kila darasa langu wapo wanafunzi ambao kwa mafundisho ya dini waliyoyapokea hawachori chenye roho, binadamu au mnyama. Wengine hawana tatizo hilo kabisa. Darasa la historia si mahali pa kuamua khilafu ya wanavyuoni, na mwalimu anayemwambia kijana "chora tu, hakuna ubaya" amemkosea. Mimi kabla sijataja suali huwa natangaza kwa wote, bila ya kumtazama mtu: unaweza kuchora watu, unaweza kuchora vivuli visivyo na nyuso, unaweza kuchora vitu, ramani, njia, majengo, alama, mistari mitupu, unaweza kuandika neno moja kwa khati na ukalifanya ndio mchoro. Vyote vina uzito mmoja. Na mada ikiwa ni historia ya Uislamu, Mitume na masahaba hawachorwi na mtu yeyote darasani. Tunachora safari, nyumba, majahazi na barua.

Nilidhani ruhusa hiyo itapunguza kitu, nikakuta imezidisha. Mwanafunzi mmoja asiyechora viumbe aliombwa achore karafuu kutoka mtini mpaka melini. Akachora jamvi la kuanikia, pishi ya kupimia, jozi ya ndara zilizoachwa chini ya mti, na khanga iliyotundikwa tawini imefungwa fundo. Hakukuwa na mtu, lakini darasa lote liliona kwamba penye mti ule kuna mwanamke, na kwamba yuko juu anachuma.

Ruhusa hiyo inakupa na wewe wajibu wakati wa kusoma. Mtu asiye na uso katika mchoro anaweza kuwa ameonekana hana thamani, au anaweza kuwa amechorwa na kijana anayechunga dini yake. Katika karatasi niliyoanza nayo, mwenye joho alikuwa na uso na wenye minyororo hawakuwa nao. Tofauti ile ndiyo iliyosema. Kama wote wangekuwa hawana nyuso, nisingekuwa na la kusema. Kwa hiyo usitafsiri kabla hujauliza.

Hatua ya nne: nyamaza

Wakati wanachora, usipite ukisema "vizuri". Ukimsifu mmoja, walio karibu naye watageuza michoro yao ifanane na wake. Kaa kitini. Wewe pia chora, kwa suali hilo hilo, na yako itundikwe pamoja na zao.

Hatua ya tano: anika, tazama, kisha sema

Funga kamba ya kuanikia nguo kutoka dirisha hadi dirisha na utundike karatasi kwa vibanio. Darasa likiwa kubwa, kamba tatu. Waache wapite kimya kwa dakika kumi, kila mtu na daftari lake. Ukimya huu utaonekana mrefu, uvumilie.

Baada ya hapo ndipo mazungumzo, na yana kanuni moja ambayo siilegezi: "naona" hutangulia "nadhani". Mtu akisimama mbele ya mchoro aseme kwanza kilichopo kwenye karatasi. Naona mstari. Naona mstari unaanzia na jahazi. Naona watu watatu, wawili wamekaa, mmoja kasimama. Akishamaliza kuona, ndipo aseme anavyodhani, na mwenye mchoro anazungumza mwisho, akipenda. Wanafunzi wetu wamezoea kuruka moja kwa moja kwenye hukumu, "huyu anaonesha ukoloni", na kanuni hii inawarudisha kwenye ushahidi. Kazi ya mwanahistoria mbele ya barua ya zamani ni hiyo hiyo: soma kilichoandikwa kabla hujasema kilichokusudiwa. Wanajifunza usomaji wa nyaraka bila ya kujua kwamba ndio wanaojifunza.

Sasa ule mkeka. Aliuchora msichana mmoja wa Micheweni kwa suali la "Chora historia". Mwenzake akaanza: "Naona mistari mingi imelala ubavu kwa ubavu. Naona baadhi ni myeusi. Naona pembeni mmoja haujashonwa." Mwengine akasema anadhani ni barabara. Mwengine akasema ni magereza. Mwenyewe aliposimama alisema: "Ni mkeka. Kila mstari ni ukili. Ukili mmoja unasukwa peke yake, na aliyeusuka hajui utakaa wapi. Mkeka unakuja pale mtu anapokaa akazishona. Ule wa pembeni haujashonwa kwa sababu ni wa kwetu, na kwenye kitabu cha skuli haumo."

Nimesoma maelezo mengi ya wataalamu juu ya tofauti ya yaliyotokea na simulizi ya yaliyotokea. Sijaona yaliyolieleza wazi kuliko karatasi ile. Siku hizi nikifundisha jambo hilo naanzia na ukili na mshono, na hakuna anayepotea.

Hatua ya sita: panga michoro kwa umbo la wakati

Baada ya kutazama, waombe wanafunzi wenyewe wahamishe karatasi kwenye kamba wakizikusanya kwa umbo. Kwetu hutokea mafungu manne au matano. Kuna mstari au mshale. Kuna mti. Kuna duara. Kuna hazina, yaani sanduku, makumbusho, kaburi, kitu kilichofungwa na kuhifadhiwa. Na kuna yasiyoingia popote, ambayo uyapende.

Kila umbo lina suali lake la kuuliza, na hapa ndipo unapofundisha.

Mstari ulizwe: unaanzia wapi, na unaishia wapi? Mistari mingi ninayoletewa inaanza na chombo kutoka ng'ambo kikitia nanga: Mreno, au Mwarabu. Kisiwa kabla ya hapo ni karatasi nyeupe. Hapo nataja Unguja Ukuu, palipokuwa na watu na biashara ya bahari karne nyingi kabla Mreno hajaonekana. Nataja msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ambao maandishi ya kibla chake yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Kwa watu wa Pemba nataja magofu ya Ras Mkumbuu, na Pujini kwa mtawala Mkama Ndume. Kisha nawauliza: mbona meli ndiyo iliyofanywa mlango wa kuingilia? Mistari hiyo hiyo huishia 1964, kama kwamba Mapinduzi yalifunga daftari. Mwanafunzi aliyezaliwa miaka arobaini baadaye hana pa kusimama katika mstari wake mwenyewe. Mwambie auendeleze.

Duara kwetu si jambo la ajabu, kwani tunaishi kwa kaskazi na kusi. Pepo hizo ndizo zilizoleta majahazi na kuyarudisha mwaka baada ya mwaka, na Mwaka Kogwa wa Makunduchi bado unaufunga mwaka kwa moto na kuufungua upya kila Julai. Lakini duara liulizwe: mwaka 1873, soko la watumwa lilipofungwa, utauweka wapi kwenye mzunguko wako? Je, kuna jambo lisilorudi? Mwanafunzi mmoja alijibu kwa kulichora upya likawa duara lisilofunga, kila mzunguko unapita juu kidogo ya uliotangulia.

Mti una hatari yake. Unapendeza, unasema "asili", lakini mti una shina moja. Waulize kama watu wa visiwa hivi, wenye nasaba za bara, Hadhramaut, Oman, Bara Hindi na Ngazija, wanaingia katika shina moja bila ya kukatwa.

Hazina nitaipita haraka: muulize mwenye nayo nani ana ufunguo.

Hatua ya saba: hesabuni wasiokuwemo

Chora jaduali ubaoni na mhesabu pamoja, karatasi kwa karatasi. Wanawake wangapi? Watoto? Watu wanaofanya kazi? Pemba imo katika karatasi ngapi? Vijiji, au mji mtupu? Mtu mwenye jina ni nani?

Njia hii ya kuhesabu ina historia ndefu nje ya somo letu. Mwaka 1983 David Wade Chambers alitangaza matokeo ya michoro ya watoto 4,807 walioombwa wachore mwanasayansi. Waliochora mwanamke walikuwa 28 tu, na wote walikuwa wasichana. Huwa nawapa wanafunzi tarakimu hizo baada ya kuhesabu zetu, kamwe si kabla, na darasa huwa linanyamaza, kwani wameshaona jaduali lao.

Baada ya kuhesabu, usiwalaumu. Waulize mahali pa kuwatafuta waliokosekana. Wakisema wanawake hawakuandika, wape Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Zanzibar mwaka 1866 na kumbukumbu zake zikachapishwa Ujerumani miaka ishirini baadaye. Wakisema huyo alikuwa binti wa mfalme, watakuwa wamesema kweli. Basi wape Siti binti Saad, mtu wa Fumba, aliyekuwa akiuza vyungu kabla sauti yake haijaingia kwenye santuri mwaka 1928. Na wakisema hao wawili ni maarufu, waulize: na muuza vyungu mwengine, asiyeimba, tutamtafuta wapi?

Hatua ya nane: peleka mchoro kwenye ushahidi

Mchoro ukibaki kambani tu, mmefanya mchezo mzuri. Lazima uwe dai, na dai lipelekwe mahali likapimwe. Kila mwanafunzi achague kitu kimoja katika mchoro wake au wa mwenzake na aandike: "Ili hiki kiwe kweli, lazima nikute nini, na wapi?"

Nitaeleza mifano miwili kwa urefu, kwa sababu hutokea kila mwaka.

Wa kwanza ni Beit el-Ajaib. Wengi wanaochora enzi ya Sultani Seyyid Said wanaliweka jumba hilo nyuma yake na mnara wa saa juu. Seyyid Said alifariki mwaka 1856. Jumba lilijengwa na mwanawe Seyyid Barghash mwaka 1883. Mnara tulioujua sisi mbele ya jumba uliunganishwa baada ya mabomu ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 kuuangusha mnara uliokuwepo mbele yake. Na Disemba 2020 sehemu ya jumba ikaporomoka, mnara nao ukaanguka. Kwa hiyo kijana anapochora mnara ule katika enzi ya Seyyid Said anachora picha aliyoiona yeye utotoni, pengine kwenye kadi ya posta au kalenda ya ukutani. Mwambie hajakosea kuikumbuka, ameipeleka miaka arobaini nyuma. Muulize macho yake yameichukua wapi.

Wa pili ni Mkunazini, na huu ndio unaonigusa zaidi. Kwa suali la "Chora Mkunazini mwaka 1870", karatasi baada ya karatasi huja na watu wamesimama ndani ya shimo la mstatili, minyororo shingoni, nyuso zimeelekea mbali. Mara ya kwanza nilistaajabu jinsi walivyofanana. Kisha nikawachukua mpaka penye Kanisa la Anglikana, tukasimama mbele ya sanamu iliyotengenezwa na Clara Sörnäs wa Sweden, na wote wakaliona lile shimo lao. Sanamu hiyo ni ya mwaka 1998. Walikuwa wamechora kumbukumbu ya watumwa, wakadhani wamechora soko. Hakuna aliyechora mnada, dalali, mnunuzi, wala mtoto anayevuliwa shanga. Mambo hayo yamo katika maandishi ya walioshuhudia, wala hayana sanamu.

Kutoka hapo masuali yanajileta yenyewe. Soko lilifungwa 1873 kwa mkataba ambao Seyyid Barghash aliutia saini chini ya shinikizo la Uingereza. Je, utumwa nao ulikwisha siku hiyo? Haukwisha. Hadhi ya utumwa kisheria ilifutwa Zanzibar mwaka 1897, na chumba cha chini ya ardhi cha Mangapwani, walimofichwa watumwa, kinakumbusha kwamba biashara iliendelea kwa siri. Sasa mwanafunzi anataka kujua nani alikuwa akichuma karafuu kati ya 1873 na 1897, na hapo unamweleza kimbunga cha 1872 kilichofyeka sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba kwa kiasi kikubwa salama, ndiyo maana uzito wa zao ukahamia kule. Mchoro umemfikisha penye suali la kazi na ardhi ambalo mihadhara yangu mitatu ilikuwa haijamfikisha.

Wapeleke Nyaraka za Taifa pale Kilimani wakaombe kuona picha na ripoti za zamani. Omba ruhusa mapema, nenda na kundi dogo, na kila mmoja awe na suali lake lililoandikwa. Walio Pemba wasingoje safari ya Unguja: mzee wa miaka themanini Wete au Mkoani ni ushahidi unaopumua. Wafundishe kwanza kumwamkia, kukaa, kunywa chai, na kuuliza mwisho.

Kuhusu 1964, na mengine yanayouma

Hili si hatua, ni tahadhari juu ya hatua zote. Sitoi kamwe suali la "Chora Januari 1964". Katika darasa moja wamekaa wajukuu wa waliosherehekea na wajukuu wa waliozika, na pengine mtu mmoja ni vyote viwili. Hata hivyo, siku ile itakuja yenyewe kwenye karatasi, hata chini ya suali la karafuu.

Mwanzoni nilifanya kosa. Nilitundika mchoro wa mlango uliofungwa bila ya kumuuliza mwenyewe, na mwenzake mmoja akaanza kukisia kwa sauti nyumba ya nani. Msichana yule hakurudi darasani wiki mbili. Nilikwenda kumwomba radhi na kumrudishia karatasi yake mkononi. Tangu hapo kila karatasi ina kisanduku nyuma: "Itundikwe" au "Isitundikwe", na isiyotundikwa haiulizwi sababu. Hakuna anayepiga picha kwa simu bila ya idhini ya mchoraji, na hakuna mchoro unaoingia kwenye makundi ya mitandao. Mwanafunzi akitaka kuzungumza, mzungumze baada ya kipindi, mlango wazi, bila ya kumharakisha. Usijifanye kadhi wa yaliyopita.

Hatua ya tisa: chora tena, ndipo utoe alama

Wiki kumi baadaye andika suali lile lile ubaoni. Karatasi ile ile, penseli ile ile, dakika kumi na tano. Kisha uwarudishie mchoro wa kwanza, waweke miwili ubavu kwa ubavu, na waandike kurasa mbili: nini kimebadilika, ushahidi gani umekibadilisha, na nini kimekataa kubadilika.

Kurasa hizo mbili ndizo za kutia alama, si michoro. Mimi hutoa alama ishirini: kumi kwa ushahidi na namna alivyoutumia, tano kwa kueleza uchaguzi wake, tano kwa kile anachokiri bado hakijui. Uzuri wa mkono haupati alama hata moja, na nalisema hili siku ya kwanza.

Kijana wa bibi alichora tena. Jumba lilikuwapo, limesogea pembeni, dogo, limefunikwa nusu na matawi. Katikati palikuwa na mkarafuu, na chini yake wanawake wamekaa juu ya jamvi wanachambua, makonyo upande mmoja, karafuu upande mwengine. Nyuso zote alizichora. Nyuma ya karatasi, penye sentensi ya kwanza, aliandika: "Nimemuuliza. Amesema walikuwa wakianza kabla jua halijachomoza, na kwamba alikuwa na pishi yake mwenyewe kwa sababu pishi ya mpimaji ilikuwa kubwa kuliko pishi ya kweli."

Sentensi hiyo ya mwisho tuliifanyia kazi kipindi kizima. Vipimo vya karafuu, nani alivishika, nani alilipwa kwa kipimo gani.

Kuhifadhi

Tia tarehe, suali na nambari nyuma ya kila karatasi, kwa penseli. Wino hukimbia katika unyevu wa masika. Funga kila darasa katika bahasha yake, weka juu, mbali na ukuta na mbali na mchwa, na fungua dirisha siku za kaskazi zipate hewa. Mwanafunzi akitaka mchoro wake siku ya kumaliza chuo, mpe. Mwombe ruhusa ubaki na nakala kwa ajili ya darasa la mwakani, ambalo utalionesha tu baada ya wao kuchora wa kwao.